Gundi kwenye kiti cha mwalimu Viateur

Mwalimu Viateur alifika Goma katikati ya mwaka 2012, akikimbia vita vya Rutshuru pamoja na mke wake. Suruali aliyokuwa nayo ni ile aliyoivaa njiani. Shemeji yake wa mtaa wa Majengo aliwapa chumba, na shule ya jirani ikamchukua kwa majaribio afundishe kemia.

Katika darasa la mwaka wa sita, la mwisho wa sekondari, alimkuta Élodie Kavira, msichana hodari mwenye mizaha mingi. Asubuhi moja ya Oktoba, Élodie alipaka kiti cha mwalimu gundi ya mafundi viatu. Viateur akakaa kuita majina. Aliposimama, kipande cha suruali kilibaki kwenye kiti. Darasa lilicheka, lakini mwalimu hakufoka. Aliegemeza mgongo ubaoni, hana namna ya kutoka. Élodie mwenyewe ndiye aliyevua sweta yake akampa ajifunge kiunoni, machozi yakimtoka.

Mkuu wa shule, Prefe Bagalwa, aliita baraza la walimu siku hiyohiyo. Kwenye buletini ya Élodie, yaani ripoti yake ya shule, wakaandika: mwenendo mbaya. Élodie alitaka kusomea udaktari, na chuo kikuu hakikuwa kikipokea buletini ya namna hiyo.

Viateur alikwenda kumtetea. "Papa Prefe, ni mimi alinikosea, na nimemusamehe. Musimufungie njia huyu mutoto."

Bagalwa hakumjibu kwa ukali. Alisema mwalimu mgeni hawezi kufuta uamuzi wa baraza, lakini baraza lingekaa tena mwisho wa Novemba, akaseme huko.

Kabla ya mwisho wa Novemba vita vikaingia Goma. Bagalwa alivuka ziwa na watu wake hadi Bukavu, na hakurudi tena. Shule ilipofunguliwa, nusu ya walimu hawakujulikana walipo. Prefe mpya alimsikiliza Viateur kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema hawezi kubadilisha jambo ambalo hakuliona, na walioliamua hawapo.

Élodie alifaulu mtihani wa taifa vizuri sana. Viateur akamsindikiza chuoni. Karani aliwaeleza kwamba waombaji ni wengi kuliko nafasi, na wenye mwenendo mbaya ndio wanaoondolewa kwanza. Viateur akasema mwalimu aliyefanyiwa mzaha ule ni yeye, na amekwisha kusamehe. Karani alimwuliza kama shule imeandika hivyo mahali popote, na alipoambiwa hapana, akamwita mtu aliyefuata.

Walirudi kwa miguu. Karibu na soko la Birere, Élodie alimwuliza, "Prof, ile siku, uliwaza nini?"

"Niliwaza bibi yangu," Viateur alisema, akimaanisha mke wake. "Namna nitamuambia suruali imepasuka. Ni hiyo tu."

Élodie akatikisa kichwa, akaingia sokoni kumsaidia mama yake kuuza vitenge. Mwaka uliofuata aliomba tena, na Viateur akaenda naye tena. Karani alikuwa mwingine. Jibu lilikuwa lilelile.