Kwa Magdalena, Gari Husikilizwa Kabla ya Shikamoo

Saa mbili asubuhi, jua la Ihanja bado halijawa kali. Pikapu nyeupe imesimama kando ya barabara, magurudumu yamezuiwa kwa mawe, injini imezimwa. Dereva, Raymond, amekaa wima nyuma ya usukani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Chini ya gari zimechomoza nyayo mbili zenye vumbi.

Nyayo hizo ni za Magdalena Hosea, fundi wa magari. Ameshika propela, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Analizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, taratibu, kama mtu anayefungua kitasa bila kutaka kuamsha watoto.

Ko.

Anarudia. Ko.

Hapo ndipo viatu vya ngozi vinasimama karibu na kichwa chake. Ni vya Mzee Antipasi, baba yake Raymond, mwenye pikapu na pia mwenye kiwanja ambacho Magdalena amefungulia gereji yake. Mzee anakohoa kikohozi cha mtu anayesubiri kusalimiwa. Hasalimiwi. Anakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kisha anaanza: "Hivi hapa siku hizi hakuna watu wa..."

"Nyamaza!" sauti inatoka chini ya gari.

Ihanja ni mahali ambapo mtoto aliyeingia bila kutoa shikamoo hurudishwa nje, aingie upya. Neno hilo moja, lililorushwa kwa mzee wa kanisa na mwanamke aliyelala chali, lilifika sokoni kabla fundi hajajifuta mikono.

"Nilitamani nijikunje niingie chini ya usukani," anasimulia Raymond. "Baba hakujibu kitu. Sasa baba akifoka, ujue yameisha. Akinyamaza, tafuta kwa kulala."

Kelele iliyoleta yote hayo ilianza kidogo kidogo. Raymond akikanyaga mafuta, ko. Akiyaachia, ko. Akiingiza gia ya kuondokea, gari lote linashtuka kama punda aliyechapwa. Fundi mmoja alimwambia difu, lile sanduku la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, imekufa, inunuliwe nyingine. Mzee Antipasi alipopiga hesabu zake, aliona fahali wake wawili wa kulimia wakitoka zizini. Wakati huohuo vitunguu vilikuwa vimeshafungwa kwenye magunia, vikisubiri kupelekwa Igunga, na njia ya Igunga hupanda na kushuka mlima Sekenke. Propela ikikatika pale, gari limejaa mzigo, injini inabaki ikinguruma bure na dereva anabaki na breki na Mungu wake.

Ndiyo maana Magdalena alitaka kimya.

Kwenye gereji yake mteja haanzi kwa kueleza ubovu. Anaanza kwa kuutoa mdomoni. "Toa sauti," anaambiwa, na hata mwalimu mkuu hutoa. Wengine huona haya, wengine huongeza na mabega. Magdalena anasema kila gari hugonga kwa lugha ya mama wa mwenye gari: Mnyiramba mmoja kutoka Sekenke alimwambia gari lake linasema "ndu", Mnyaturu jirani yake akaapa gari lilelile linasema "kop".

"Wote walikuwa sahihi," anasema huku akicheka. "Mmoja alikaa mbele, mwingine alikaa nyuma kwenye magunia. Sauti ilikuwa moja, ila nyuma ilikuwa inapita kwenye mahindi kwanza."

Baada ya hapo huja zamu ya masikio, na zamu hiyo ina sharti. Fundi akishaingia chini ya gari, hakuna kusalimiana. Hakuna "za asubuhi", hakuna "hodi", hakuna shikamoo. Akitoka, atamzungukia kila mtu na kumsalimia kwa heshima zake zote, magoti yakiinama kidogo kama alivyolelewa. Wateja wa zamani wanalijua sharti hili. Mzee Antipasi hakuwahi kukanyaga gerejini wakati wa kazi; kodi yake humfikia nyumbani.

Kusikiliza alifundishwa na mtu asiyesikia. Mjomba wake, Bonifasi, aliendesha lori la kubeba asali kutoka upande wa Rungwa, na miaka ya kukaa juu ya injini ilimla masikio yote mawili. Aliuficha uziwi huo kwa muda mrefu, akihofia tajiri wake. Magdalena alipomaliza kidato cha nne na kukosa pa kwenda, mjomba alimpakia kwenye lori na kumpa kazi moja: asikie kwa niaba yake.

"Nilikuwa nakaa pembeni yake, nikisikia kitu nampiga bega," anakumbuka. "Anasimamisha lori, ananiuliza, 'Kimelia wapi?' Nikisema nyuma, ananitazama vibaya. 'Nyuma ni kubwa, mama! Nyuma wapi? Kimelia tukiwa tunapanda au tukiwa tunashuka?' Mpaka nikajifunza kuwa chuma hakilii ovyo."

Mjomba Bonifasi sasa amestaafu, anafuga nyuki wake mwenyewe. Spana zake ziko kwa Magdalena, na tabia yake ya kukasirikia jibu la "nyuma" imehamia huku pia.

Asubuhi ile, baada ya mzee kuondoka, Magdalena hakutoka chini ya gari. Aliweka mkono mmoja mbele ya krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiwezesha propela kujikunja kidogo gari linaporuka makorongo, na mkono mwingine nyuma yake. Akazungusha tena. Mkono wa mbele ulisogea. Wa nyuma ukachelewa, kisha ukafuata kwa kishindo. Difu ilikuwa nzima. Krosi ndiyo iliyokuwa imelika ndani.

Kando ya krosi kulikuwa na unga mwekundu. Kwenye barabara za huku kila kitu kina vumbi, kwa hiyo aliusugua kati ya vidole na kuupuliza. Vumbi lingepeperuka. Huu ulibaki, ukapaka vidole rangi ya kutu. Kisha akanusa, akakunja uso, akanusa tena.

"Raymond!" aliita. "Mbona gari lenu linanukia maandazi?"

Raymond alifungua mlango, akashuka polepole.

"Dada, grisi iliisha," Raymond alijibu hatimaye. "Na nyumbani tulikuwa tumetoka kukamua alizeti."

Ilikuwa hivi: kipindi cha mvua krosi ililia "kwi kwi", Raymond akachukua chupa ya mafuta ya alizeti ya mama yake, Theresia, akaimiminia. Ikanyamaza. Alijisifu kwa wenzake wiki nzima. Mafuta yale yalikauka yakawa ulimbo, yakanasa mchanga, na mchanga ukasaga chuma taratibu huku mwenyewe akidhani amekipa dawa. Magdalena anasema si wa kwanza. Mkoa wenye alizeti kila uani, mtu akikosa kilainishi haendi mbali.

"Chapati yake mngeipata nzuri," alimtania. "Krosi, hapana."

Alifungua propela, akagonga krosi ya zamani ikatoka na sindano zake, vile vyuma vyembamba inavyozungukia, zimekuwa unga, akafunga mpya na kuijaza grisi. Mchana Raymond aliijaribu pikapu mpaka mwisho wa kijiji na kurudi. Alikanyaga mafuta, akaachia. Hakikulia kitu. Fahali wa mzee walibaki zizini bila kujua walichoponea.

Jioni, hata hivyo, mama Theresia alikuja na ujumbe. Alikaa kwanza, akasifu mboga bustanini, ndipo akausema. Mzee hana ugomvi na kazi. Lakini lile shimo la kufanyia kazi ambalo Magdalena aliomba kuchimba kiwanjani, ili asiendelee kulala kwenye mchanga kila siku, halitachimbwa. Na mkataba ukiisha, itaonekana. Labda kama binti ataomba radhi, mbele za watu.

Kwa Magdalena shimo ni kila kitu. Mgongo unamuuma. Kipindi cha mvua kazi husimama, maana hakuna anayelala kwenye tope akasikia zaidi ya tope. Rafiki yake Pendo, mwenye mgahawa ng'ambo ya barabara, alimshauri aombe tu radhi yaishe. "Neno lenyewe halina hata uzito," anasema Pendo. "Ulitamke, ukachimbe shimo lako."

Hakulitamka. Siku zote alizokutana na mzee njiani aliinama na kumpa shikamoo kamili. Mzee aliitikia marahaba, wakapishana.

Raymond alirudi salama kutoka Igunga, gari tupu. Kesho yake asubuhi Magdalena yuko tena kwenye mchanga, chini ya gari la mteja mwingine, mikono kwenye propela. Viatu vya ngozi vinatokea. Safari hii vinasimama mbali kidogo, karibu na mti wa uzio. Havisogei. Mwendesha baiskeli anapita na kuanza kusalimia kwa sauti. Mzee anaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, kumnyamazisha.

Magdalena anamaliza, anatoka, anajifuta, anainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umesikia kilichokuwa kinalia?"

"Nimesikia, baba."

Mzee anatembea kiwanjani, anakanyagakanyaga udongo kwa kisigino. "Shimo litakaa upande huu. Kule maji yataingia."

"Ahsante, baba."

"Sasa," anasema mzee, na macho yake yameanza kucheka, "bado sijasikia radhi yangu."

"Shikamoo ninazo nyingi, baba, nitakupa kila siku," anajibu Magdalena, akiokota spana yake. "Radhi kwa lile neno siombi. Na ukinipigia kelele nikiwa shimoni, nitalisema tena."