Pamba, Feret Niliyeambiwa Ni Wangu

Gereji yetu ya Richfield, Minnesota, ilinuka. Haikuwa harufu ya mafuta ya gari wala ya matairi, bali harufu ya feret, nzito, yenye utamu fulani wa kuchukiza, iliyoingia kwenye makoti yetu na kutufuata hadi kanisani, ambako mama alijipaka manukato mara mbili na bado akachagua viti vya nyuma. Feret ni mnyama mdogo, mrefu, mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche wa kwetu, na kama huyo wa kwetu, akitishwa anatoa uvundo. Mimi niliipenda harufu ile. Nikitoka shule nilipitia gerejini kwanza, begi likiwa bado mgongoni, nikaivuta puani nikajua wapo na wananisubiri. Nilikuwa na miaka kumi, miaka ya tisini ndiyo inaanza, na sikuwa na rafiki wa karibu kuliko wao.

Walikuja kwetu kwa mkono wa baba. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko akazoeana na mzungu mmoja aliyekuwa akija kumwona mama yake. Mzungu huyo alikuwa na shamba la matofaa upande wa Lakeville, kabla nyumba mpya hazijaenea huko, na kila majira ya baridi sungura walimtafunia magome ya miche hadi ikafa. Feret wake jike alikuwa amezaa. Akampa baba watoto wawili, kwa makubaliano kwamba tuwalee na kuwafunza, kisha vuli ikifika, majani yakianza kupukutika, tuje tumfukuzie sungura wake. Baba alirudi nyumbani amechangamka kama kijana. Alikulia Kitui akiwinda sungura kwa mbwa, na tangu aje Amerika sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile. Akawaweka wote sakafuni, mmoja wa kahawia na mmoja mweupe, kisha akamnyanyua yule mweupe akaniwekea mapajani. "Huyu ni wako, Mwende," akasema. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, akasikia. Nikamwita Pamba.

Basi nikamlea. Feret hafundishwi kuwinda, hilo anazaliwa nalo. Anafundishwa kurudi, maana akimkamata sungura huko chini ardhini atamla, ashibe, alale palepale, na wewe utabaki juu unaganda kwa baridi ukiita shimo. Kwa hiyo kila mlo niligonga kikopo kwa kijiko kabla ya kutoa nyama, mpaka mlio ule na chakula vikawa kitu kimoja kichwani mwake. Baba alilaza mabomba ya zamani ya maji kutoka ukuta hadi ukuta, nami nilimwingiza Pamba upande mmoja, nikakimbilia wa pili na kikopo changu. Nilimzoesha kengele ndogo shingoni. Nilimzoesha mikono yangu pia, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi, kwa sababu meno ya feret mchanga ni sindano tupu. "Usivute mkono," baba aliniambia. "Ukivuta umemfundisha kwamba anaogopwa." Sikuvuta. Nilikwenda shule vidole vimejaa plasta, mwalimu akauliza kama nyumbani kuna usalama. Yule wa kahawia alikuwa wa baba, lakini baba alikuwa mtu wa shifti mbili, kwa hiyo huyo naye akaniangukia mimi. Akawa mkaidi. Pamba alilala ndani ya mkono wa sweta yangu nikifanya hesabu za shule.

Vuli ilipofika baba akatangaza, "Weekend hii tuna-drive Lakeville. Vaeni gumboots." Alikuwa amemwalika Mzee Kilonzo wa Roseville. Huyu ndiye aliyempokea baba alipofika Minnesota akiwa mwanafunzi mwenye sanduku moja, akamlaza kwenye kochi lake majira yote ya baridi. Nyumbani kwetu Mzee Kilonzo ndiye aliyemiminiwa chai ya kwanza, na kipande kikubwa cha nyama kilijua njia ya sahani yake.

Sungura wa kule hawachimbi mashimo yao. Huingia kwenye yaliyoachwa na wanyama wengine. Tuliziba midomo ya mashimo kwa nyavu ndogo. Yule wa kahawia aliingia, akatoka, akakaa kujilamba. Pamba aliingia na kengele yake ikafifia, kimya kikatanda, halafu tukasikia kishindo chini ya miguu yetu na sungura akachomoka moja kwa moja hadi wavuni. Nikagonga kikopo. Pamba akatoka na vumbi puani, akaja mkononi mwangu mbele ya watu wazima wote. Tukarudia shimo baada ya shimo. Sijui kama nimewahi tena kujivuna namna ile.

"Mutua, huyu ni mnyama kweli!" Mzee Kilonzo alimwambia baba akipiga makofi. "Huyu ningempata mimi, ningetulia."

"Mchukue, mzee," baba akajibu papo hapo. "Ni wako."

Nilidhani ni utani, mpaka nilipomwona baba anabeba boksi la Pamba kuelekea gari la Mzee Kilonzo. Nikamkimbilia. Nikasema kwa Kiingereza, kama watoto wote wa nyumba zetu tulivyojibu, kwamba Pamba ni wangu na yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Baba hakukasirika. Alicheka, na afadhali angenichapa.

"Ni wako, ndiyo. Na wewe ni wa nani?"

Watu wazima wakaangua kicheko. Kisha akaongeza, "Mpe mzee na kile kikopo, umwonyeshe anavyoitwa." Nikamwonyesha.

Nyumbani nilimwendea mama, kwa kuwa yeye alikuwepo siku ile na mwiko wake. "Mwanangu," akasema, "mzee akisifu kitu, ananyimwaje?" Akanisimulia kwamba naye utotoni alipewa kifaranga akaambiwa ni wako, kifaranga akakua, wageni wakaja, na yeye mwenyewe ndiye aliyemnyonyoa. Alidhani ananifariji. Mimi nilikuwa nimemwendea shahidi wangu, naye alikuwa upande wao.

Pamba hakuiona theluji ikiyeyuka. Mzee Kilonzo alimlisha ugali na maziwa kwenye fleti yake, mnyama anayeishi kwa nyama tupu, akidhani ni aina ya paka. Hakuna aliyeniambia, nilijua siku nilipoomba twende tumtembelee, baba na mama wakatazamana.

Leo naielewa desturi ile vizuri. Kwa baba, "wako" lilimaanisha mtunze. Mali ya mtoto ilikuwa mali ya nyumba, na nyumba ilikuwa yeye. Alinipa zawadi ya Kitui akasahau kwamba mtoto anamlea Richfield, ambako mwalimu aliandika jina langu hata kwenye penseli. Naelewa yote hayo, na bado inaniuma.

Baba amestaafu, amerudi kwao. Mwaka jana nilipokwenda kumwona alinitembeza hadi nyuma ya nyumba yake, akanionyesha kipande cha ardhi kando ya ua. "Hapa ni pako, Mwende," akasema. "Jenga." Nikamshukuru kwa heshima zote. Ndugu zangu wanashangaa kwamba kazi ninayo, uwezo ninao, na sijapeleka pale hata tofali moja.