Viti vya Kilio cha Mama

Siku mama yangu alipozikwa Bukavu, Brussels ilikuwa kwenye mgomo. Hakukuwa na metro wala basi. Uwanja wa ndege wa kwetu ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vita, kwa hiyo sikuweza kwenda. Nilichobaki nacho ni simu ya kaka yangu, ambaye angenionyesha maziko mchana, na sebule yangu ya Anderlecht, pembeni mwa jiji. Niliomba jambo moja tu: mama asizikwe huku mimi nikiwa peke yangu. Kwetu, kilio kisicho na watu ni aibu ya marehemu.

Shemeji yangu wa Auderghem, upande wa pili wa jiji, alipiga simu kusema angekuja kwa miguu kama magoti yangekubali. Marafiki wa upande wa Flagey waliahidi jioni. Aliyefika ni shangazi peke yake, anayekaa mtaa wa pili, akivuta sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu, ndani ya kigari cha sokoni. Akaitazama sebule.

"Bon. Biti biko wapi?"

Nilimwambia viti vichache vilivyopo vinatosha, maana watu hawapo. Akanijibu kwamba watu huja pakiwa na viti, akatoka, akaanza kugonga milango ya majirani.

Hapo ningemzuia kama ningewahi. Chini yangu anakaa Mualbania wa Kosovo, fundi wa mapaa, ambaye timu yao ikicheza hutundika dirishani bendera ya Albania, nyekundu yenye tai wa vichwa viwili. Juu yangu anakaa bibi Mserbia, mjane, muuguzi mstaafu. Watu wao walipigana vita Kosovo, na miaka yote niliyoishi katikati yao sijawaona ndani ya lifti moja. Mmoja akimwona mwenzake, hukumbuka ghafla kwamba ngazi ni nzuri kwa moyo. Na msomi wa mambo yao ni mimi: nimeandika tasnifu nzima na makala kadhaa kuhusu Ulaya na Balkani, nikieleza kwa utulivu namna watu hawa wanavyoweza kukaa pamoja. Katika jengo letu, mbinu yangu ilikuwa kuwasalimu kwa zamu.

Waliingia wote wawili, kila mmoja na viti vyake. Shangazi aliwapanga kama tunavyopanga kwetu: anayeingia hukaa kando ya aliyemtangulia, hachagui. Wakawa bega kwa bega. Fundi aliweka mkono kifuani, akanipa pole. Simu ikawaka. Tukaona mvua, miavuli, kwaya ya parokia, jeneza. Nililia. Mtu alinishika bega kwa mkono mzito; nadhani ni fundi, ingawa wauguzi nao wana mikono.

Maziko yalipokwisha, fundi alimaliza kahawa yake akainuka. Alinieleza kwamba kwao mtu anayekuja kutoa pole hakai sana, asije akawachosha wafiwa. Shangazi, ambaye Kifaransa chake ni maneno machache na mikono mingi, akasimama mlangoni.

"Papa, ikala. Ku kilio batu habatoke bila kula."

Hakuelewa maneno, ila aliiona sufuria. Akakaa.

Sombe ilifungua mazungumzo. Fundi alisema Albania itaingia Umoja wa Ulaya kabla ya Serbia. Kosovo yake, alikiri, itaingia wajukuu wake wakiwa wazee. Kijiko changu kilibaki hewani. Bibi alimaliza kutafuna kwanza.

"Ninyi mtaingia," akamwambia. "Na sisi tutaingia. Siku hiyo wenye nyumba hiyo ya Ulaya watakuwa wameshahama."

Fundi alicheka, kisha akaona haya kucheka kilioni, akanitazama. Nilikuwa ninacheka pia.

Kabla ya kuondoka, bibi alitoa kichupa cha pombe ya matunda na kuniuliza jina la mama. Kwao msibani hawagonganishi glasi. Humwaga tone chini kwa ajili ya marehemu. Alimwaga kwenye zulia la mwenye nyumba wangu. Fundi, Mwislamu wa sikukuu tu kwa maelezo yake mwenyewe, naye akamwaga. Wote wawili walilitamka jina la mama yangu, wakalikosea kila mmoja kwa namna yake. Sijawahi kulisikia likinifariji hivyo.

Wiki iliyofuata fundi bado alipanda kwa ngazi. Lakini shangazi alikuwa amerudisha viti bila kuuliza: vya bibi vilikwenda chini, vya fundi vikaenda juu. Nilingoja mmoja wao anijie ili nipatanishe, kazi niliyoisomea. Hakuja mtu. Asubuhi moja nikasikia viti vikigongagonga ngazini, vikaupita mlango wangu, vikapanda. Nilitega sikio nisikie fundi akishuka. Hakushuka.

Kaka akapiga simu. Alitaka kujua kama siku ile nilipata watu wa kukaa nami. Nikamwambia niliwapata, na mmoja bado yuko huko juu, nadhani anapewa kahawa.