Chumvi ya Dada Dativa

Enzi zetu kule makazi ya wakimbizi Tabora, na ninyi mliotawanyika huku Marekani, Columbus na Buffalo, mtanisahihisha, mtoto hakuulizwa kama ameshiba. Aliulizwa kama ng'ombe wamekunywa. Tulicheza mpira wa matambara mpaka kucha zikang'oka, tukala viazi vya kuchoma na majivu yake. Shule niliishia darasa la nne. Aliyenitoa simfichi: ni baba mdogo Yeremia, alitaka mtu wa kutangulia maksai shambani.

Yeremia alikuwa na fimbo moja ya mpera kwa kazi mbili, kunichapa mimi na kumchapa Kahawa, dume mchanga tuliyekuwa tunamfundisha kuvuta plau. Kahawa akipigwa alilala chini, hainuki ng'o.

Dada Dativa, aliyenizidi miaka mitano, alingoja Yeremia aende kwenye pombe. Akaweka chumvi kidogo kiganjani, akamgeuzia Kahawa mgongo, akamwita jina kwa sauti ya chini, akatulia.

"Dada, mvute basi."

"Nyamaza wewe. Akija mwenyewe, kesho atakuja tena."

Akaja. Chumvi iliyobaki tukailamba sisi, na mate ya ng'ombe humo humo. Msimu ule Kahawa alilima bila kuguswa, na Yeremia akatamba kila mahali kwamba ni fimbo yake iliyomfunza.

Mwaka 2015, nami nimeshahamia huku Marekani, mgongo ulipokataa maboksi ya ghala kule Okolona, nikapata kazi ya kusafisha mabanda ya farasi nje kidogo ya Louisville. Si farasi wa mbio. Ni wale wanaofundishwa polepole, miaka, hadi wanatembea kiubavu na kudunda palepale kama wako ngomani, na aliyepanda humwoni hata akitikisa mguu. Mwalimu wao, Bi Linda, alikuwa na fimbo ndefu nyembamba. Hakupiga nayo. Alimgusa farasi begani tu, kama unavyomgusa mtu umwonyeshe njia.

Wiki ya pili farasi wa kijivu, Bruno, alinikanyaga mguu. Mkono wangu ukainua mpini wa reki kabla sijafikiri. Bruno akajibanza ukutani, anatetemeka. Bi Linda alikuwa mlangoni.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Yeremia," nikajibu, kana kwamba anamjua.

Akaniambia Bruno alitoka kwa mtu wa kupiga, na kumtuliza kumechukua mwaka mzima. Akanipa mpaka Ijumaa: farasi asiponikaribia tena kwa hiari yake, nitafute kazi kwingine. Na nyumbani Newburg nilikuwa na watoto wanne.

Jumatatu hakunitazama. Jumanne nikaja na chumvi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwake, kiganja wazi, nikaita jina. Nilijiona mjinga, mzee mzima. Jumatano vilevile. Alhamisi mchana nikasikia pumzi ya moto shingoni, kisha midomo laini ikafagia kiganja. Nililia, na hilo pia sifichi.

Nikampigia Dada Dativa, siku hizi yupo kiwandani Tonawanda, jirani na Buffalo. Akacheka.

"Kwa hiyo umevuka bahari uje ufanye kazi yangu?"

"Asante, Dada."

"Ya nini tena?"

"Ya Kahawa."

"Na Yeremia ungekutana naye, ungemwambiaje?"

"Ningemwambia chumvi ilikuwa yako."

Yeremia bado sijamsamehe, sitawadanganya. Ila nikihesabu niliyopewa utotoni, kiganja cha dada yangu kinaizidi ile fimbo.

Wanangu nikiwaita hujibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Nimewaonyesha Bruno anavyodunda, mmoja akauliza betri yake iko wapi. Zamani chumvi ilikuwa ya kubania na muda ulikuwa tele. Leo chumvi nina mfuko mzima kabatini, muda ndio hakuna. Lakini yule wa mwisho akikosea, naweka mikono mezani, viganja juu, namwita jina mara moja, nangoja.

Anakawia kuliko Kahawa. Lakini anakuja.