Mstari wa Miaka Kumi na Minane

Mume wangu alikuwa mtu pekee mtaani kwetu aliyesoma namba zilizoandikwa kwenye vifuniko vya michezo ya video. Wenye vyumba vingine vya michezo ya kulipia, kama chetu, walitazama picha tu. Yeye alinieleza, kwa subira ya kuchosha, kwamba waliotengeneza michezo ile wanaipima mmoja mmoja: huu wa mpira ni wa kila mtoto, huu wa kupiga watu risasi ni wa aliyetimiza miaka kumi na minane. Nikamwambia watoto wa Goma wamejua risasi kabla ya kujua televisheni. Akanijibu kwamba ndiyo sababu chumbani mwake wapumzike.

Shida ilikuwa kujua umri wa wateja. Wengi walikimbia vita upande wa Rutshuru wakiwa na nguo walizovaa tu, karatasi zao za kuzaliwa zikabaki kwenye nyumba zilizoungua. Ukimuuliza mtoto miaka yake, anakutajia ile inayomfaa. Basi mume wangu akamwita kijana wa jirani, ambaye mtaa mzima uliukumbuka mwaka aliozaliwa, akamsimamisha kwenye ukuta wa mbao karibu na mlango, akachora mstari wa makaa juu ya kichwa chake na kuandika pembeni: 18. Nilimwambia huyo ni mfupi, atafute mwingine. Alicheka, akasema mrefu atamfukuzia wateja.

Mstari ukawa sheria. Aliyekuwa chini yake alicheza mpira huku akinung'unika. Aliyeufikia alipigiwa makofi. Watoto walijinyoosha pale kutwa, wengine wamejaza vitambaa ndani ya viatu, nami niliyekuwa nauza mandazi mlangoni niliwacheka hadi machozi.

Mwanetu wa kwanza aliupita akiwa na miaka kumi na mitatu. Alirithi miguu ya babu yake, mfugaji wa Masisi. Baba yake akamkatalia mchezo wa risasi, akasema mstari ni wa wateja, mtoto wake anamjua. Mtoto akanuna. Mimi nilimwongezea maharage, nikaona fahari kumtazama akiinama ili apite mlangoni.

Kisha watu wenye bunduki wakaanza kupita mitaani wakitafuta vijana wa kupeleka vitani. Hawakuuliza karatasi, maana walijua hatuna. Mchana mmoja waliingia chumbani kwetu, mume wangu akiwa amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Wadogo wakatawanyika. Mwanangu wa kwanza wakamshika mkono, nami nikapiga magoti juu ya mawe.

"Papa, huyu iko mutoto. Iko na miaka kumi na tatu. Ni mimi nilimuzala."

Mkubwa wao alikuwa mtu wa sauti ya upole. Alinitazama kama anayetaka kuniamini, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kisha akauona ukuta. Akamsogeza mwanangu pale kwa mikono miwili, taratibu, kama baba yake alivyomsogeza yule wa jirani. Mwanangu akaelewa, akakunja magoti. Mtu yule akamgusa mgongoni ili asimame sawasawa, na kichwa kikapita mstari.

"Mama, ni ninyi wenyewe muliandika," akasema.

Wakaondoka naye kwa barabara ya Kibati. Tumeuliza hadi kambi ya jeshi ya Rumangabo, tumeuliza kanisani, tumewauliza madereva. Kila mtu anatusikitikia na hakuna anayejua lolote. Nilimlaumu mume wangu mpaka nikachoka. Aliusugua ukuta kwa sabuni, na sasa kila mtoto anacheza anachotaka. Namba za kwenye vifuniko hazisomwi na mtu.

Mdogo wake amebaki nasi. Ana miaka kumi na mmoja. Juzi niliona suruali yake, iliyokuwa ikiburuza chini, imepanda juu ya kifundo cha mguu. Jioni hiyo alipomaliza kula alisukuma sahani mbele aongezewe. Nikaifunika sufuria, ikiwa bado na chakula, nikamwambia kimekwisha.