Mama Pacha Akagua Shule

Familia ilipohamia ughaibuni, Mama Pacha, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, aliongozana na mumewe kuwatafutia mapacha wao shule. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea, na mume akabaki mdomo wazi.

"Naomba unionyeshe choo cha watoto," Mama Pacha akamwambia mwalimu mkuu.

Mwalimu akacheka. "Mama, wenzako huuliza matokeo ya mitihani."

"Mwalimu, mimi shule ya msingi nzima nilikuwa najibana mpaka nifike nyumbani. Hesabu itaingia saa ngapi?"

Choo walikikuta na kufuli, na ufunguo hakuna aliyejua uliko.

Mama Pacha akamshika mumewe mkono. "Baba Pacha, twende zetu. Wanangu wataogeleaje na mkojo umewabana?"