Medali Isiyotaka Mbio

Katika Uvira nzima, ni mimi peke yangu niliyevishwa medali ya taifa ya ushujaa huku dereva wa mgeni rasmi akiwa ameshawasha gari. Sijasikia mwingine, na nimeulizia.

Niliistahili. Nilikuwa nimerudi kutoka Bujumbura na diploma ya biashara, ambayo hakuna mjomba wala padri aliyenilipia. Niliilipa kwa mgongo wangu, kwa kubeba magunia. Kalundu, pale bandarini, wakanipa meza na kiti. Asubuhi moja pipa la petroli likashika moto ndani ya boti ya mizigo, na wapagazi wawili wakakwama nyuma ya shehena ya unga. Watu walijaa ufukoni wakipiga kelele za ushauri. Mimi niliruka ndani na suruali yangu ya ofisi, nikawatoa wote wawili, mmoja kwa mkono, mwingine kwa mkanda. Habari zikafika Bukavu, kwa wakubwa wa jimbo. Nchi ilikuwa changa, ilikuwa inatafuta mashujaa wasiovaa kombati, ikanipata.

Ila siku ya sherehe ilikuwa siku mbaya. Tangu alfajiri watu walisema waasi wameshapita Makobola, kusini mwetu, wanakuja na barabara ya ziwa. Mbele ya ofisi ya serikali umati ulisimama ubavu, jicho moja kwa mgeni, jingine kusini. Wanawake walikuja na masufuria tayari kichwani. Mkubwa kutoka Bukavu alisoma hotuba yake ya Kifaransa, akaruka ukurasa, akaruka mwingine. Kila mlango ulipobamizwa alinyamaza, akasikiliza. Mimi nilikuwa na wazo moja tu: asiondoke na medali yangu.

Jirani yangu wa mtaa wa Kasenga alininong'oneza kutoka nyuma. "Bwana Diploma, mwambie afanye mbio. Tuko tunakufa hapa!"

"Mwache amalize."

"Amalize nini? Ni weye uko unatuchelewesha!"

Mkubwa alinivisha medali kwa haraka hata pini ikanichoma ngozi. Hapo hapo bunduki ikalia upande wa Kalundu. Gari likaondoka mlango ukiwa wazi, na umati ukamwagika barabarani kuelekea Ruzizi, kwa sababu ng'ambo ya mto ni Burundi.

Mimi nilitembea. Nilitembea katikati ya barabara, kifua mbele, watu wakinipita kushoto na kulia. Moyo ulikuwa umeshafika Burundi zamani. Miguu ndiyo niliyoikataza.

Mama yangu, aliyekuwa mbele na mkeka wake, akageuka akanirudia.

"Mutoto wangu, miguu iko na nini?"

"Mama, niko na medali ya ushujaa. Nitakimbiaje? Watu wako wanatazama."

"Watu gani? Wote wako wanakupita!"

"Ndio hao hao."

Bunduki ikalia tena, karibu zaidi. Mama akanishika shati.

"Wakikukuta na kitu cha serikali kifuani, watakuua weye, halafu minye nikuzike na mikono gani?"

Hakungoja jibu. Aliifungua pini, akaifunga medali katika pembe ya kikwembe chake, kile kitenge cha kiunoni, akalikaza fundo kwa meno.

"Sasa shujaa ni minye. Weye kimbia."

Basi nikakimbia, na ninapofanya jambo silifanyi nusu. Nilimpita jirani yule akihema, akanipigia kelele: "Bwana Diploma! Medali imeisha petroli?"

Ng'ambo ya Ruzizi sikuweza kukaa. Nilisimama, nikachuchumaa, nikasimama tena, nikiwauliza wote waliovuka kama wamemwona mama mwenye mkeka. Waliniambia yuko nyuma. Wengine wakaja, nao wakasema yuko nyuma. Nilikuwa nimeshaanza kurudi mtoni nilipomwona upande wa pili, mkeka kichwani, akija kwa hatua za mtu anayetoka misa.

"Mama! Kwa nini hukukimbia?"

"Nilikuwa na medali," akasema.

Nikanyoosha mkono nirudishiwe. Akautazama ule mkono, akanitazama mimi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Nani alitembea?"

Niliushusha mkono, nikampokea mkeka. Diploma yangu inaning'inia sebuleni, kila mgeni huisoma. Medali alibaki nayo Mama, katika pembe ya kikwembe, na wageni wakitaka kuiona nawatuma kwake.